M23 waingizwe tena jeshini? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, kila mazungumzo ya Kongo kuhusu M23, waasi wa mashariki wanaoongozwa na Watutsi, yakianza, iwe Nairobi, Luanda au Doha, tunagawanyika kambi mbili: wapigwe, au waitwe mezani. Mimi naona tunabishana pembeni ya hoja. Mezani watafika tu. Swali ni je, mwenye bunduki akiinuka pale mezani anaondoka na nini?

Kongo imeshajaribu. Makubaliano ya 2002 kule Afrika Kusini yalizaa rais mmoja na makamu wanne, viongozi wa waasi Bemba na Ruberwa wakatoka kwenye uasi moja kwa moja hadi ofisini. Tukicheka tucheke, lakini serikali ile ya ajabu iliifikisha nchi kwenye uchaguzi wa 2006. Kilichoharibu ni 23 Machi 2009. CNDP, waasi wa Kivu wa wakati huo, walisaini, wakavalishwa sare za FARDC, jeshi la Kongo, haraka haraka, kisha wakabaki Kivu ileile, chini ya makamanda walewale, wakiendelea kutoza kodi zao. Bosco Ntaganda, kamanda wao, ambaye ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ilishatoa hati ya kumkamata, akawa jenerali, anacheza tenisi Goma mchana kweupe. Aprili 2012 wakaasi, na hiyo tarehe ya mkataba wakaifanya jina lao, M23.

Msimamo wangu: wazungumze nao, askari wa kawaida wasamehewe, lakini kikosi kisiingie jeshini kizimakizima. Anayetaka jeshi aingie mmoja mmoja, apangiwe jimbo la mbali. Karibuni.

Mchangiaji, Dar es Salaam:
Mkuu, 2013 umeirukaje? Brigedi ya Umoja wa Mataifa, vijana wetu wakiwemo, ilisaidiana na FARDC na M23 wakakimbilia Uganda na Rwanda. Walipigika! Kigali isipobanwa, hata usaini mikataba mia ni kazi bure.

Mleta mada:
Walipigika, na sisi tulizika askari wetu. Halafu? Desemba ile wakatia saini Nairobi, makaratasi yakalala kabatini, mwishoni mwa 2021 wakarudi. Kuhusu Kigali nakubali, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mengi juu ya askari wa Rwanda mle ndani, ingawa wenyewe wanakana. Ila ukiibana Kigali leo, bado una maelfu ya vijana wenye silaha Masisi na Rutshuru, kule Kivu Kaskazini. Hao utawafanya nini?

Mchangiaji, Kigoma:
Naona mnaelekea kwenye mfano wa Burundi, ngoja niwaharibie. Arusha, Agosti 2000: Mwalimu alianzisha, Mandela akamalizia. Waliokuwa wanapigana hasa, waasi wa Kihutu wa CNDD-FDD na FNL, hawakusaini. Wakaja baadaye, mmoja 2003, mwingine 2006. Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40 serikalini, jeshi nusu kwa nusu. Safi. Lakini Mei 2015 mimi nilikuwa huku. Kagunga, kijiji cha wavuvi, kilijaa maelfu ya Warundi, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini Kigoma. Amani ya kugawana viti ndiyo hiyo.

Mleta mada:
Hapana mkuu, 2015 inanipa nguvu mimi. Ugomvi ulikuwa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na aliyejaribu kumpindua, Jenerali Niyombare, ni Mhutu mwenzake, tena wametoka msitu mmoja, CNDD-FDD. Jeshi lililochanganywa halikupasuka Wahutu huku, Watutsi kule, kama nchi ilivyopasuka 1993 baada ya kuuawa Rais Ndadaye. Ndicho nilichokisema: wachanganywe.

Mchangiaji, Goma:
Ndugu zangu, mnajadili vizuri, ila huku benki zilifungwa M23 walipouchukua mji Januari 2025, na uwanja wa ndege vilevile. Ukitumiwa hela kwa simu, unakatwa asilimia yako kabla hujaishika. Kabla ya vyeo, mtufungulie kwanza hivyo.

Halafu, mzee mleta mada, hilo la kupangia jimbo la mbali. Wapeleke askari Watutsi Kananga, kule Kasai mbali na Kivu, mmoja mmoja, nani atawalinda? Agosti 1998 Watutsi walisakwa mitaani Kinshasa, wengine wakachomwa moto. Tangu 2009 hii ndiyo sababu waliyoitoa ya kukataa kuhamishwa. Mimi siwapendi hata kidogo, lakini hapo hawadanganyi.

Mleta mada:
Hapo umenishika. Burundi swali hilohilo lilijibiwa kwa askari wa Afrika Kusini: mwishoni mwa 2001 walitua Bujumbura kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni, kisha Umoja wa Afrika ukaleta kikosi chake. Kwa Kongo, kikosi cha SADC kimeshafungasha virago, na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilishatoka Kivu Kusini 2024. Wa Dar na wa Kigoma, semeni: tuko tayari kupeleka vijana wetu tena, safari hii wakailinde kambi ya M23 wa zamani kule Kananga?