Macho manjano, choo cheupe

*Zuhura:* Shikamoo shangazi. Yule mtoto wa jirani, miaka 4, macho manjano wiki ya pili. Malaria hamna, homa ya ini A na B hamna. Sasa wanaambiwa ni kongosho. Kongosho na manjano wapi na wapi?

*Shangazi Halima:* Marahaba mwanangu. Mrija wa nyongo ukishuka kwenda utumboni unapita kwenye kichwa cha kongosho. Kichwa kikivimba kinaubana, nyongo inarudi kwenye damu. Kwa watoto ni nadra, ila ipo. Choo kikoje?

*Zuhura:* Cheupe kama uji wa muhogo. Mkojo kama chai ya rangi. Anajikuna usiku kucha.

*Shangazi Halima:* Basi njia imeziba. Ingekuwa damu inavunjika, kama kwenye selimundu, choo kingebaki na rangi.

*Juma Maabara:* Waombe bilirubini (rangi ya nyongo inayoleta manjano) zote mbili, jumla na dairekti, ile iliyokwisha pita kwenye ini. Dairekti ikivuka 1 mg/dL si kawaida. Na lipesi, kipimo cha damu cha kongosho, ikitoka nzuri wasitulie, kongosho linaweza kuvimba hivi lipesi isipande.

*Ba'mdogo Said:* Si apewe prednisolone tu, ile dawa ya kutuliza kinga ya mwili? Nasikia inayeyusha uvimbe.

*Shangazi Halima:* Hapana kaka, tafadhali. Kinga ya mwili ikishambulia kongosho, prednisolone inasaidia kweli: 1 hadi 1.5 mg kwa kilo kwa siku, wiki 2 mpaka 4, kisha inapunguzwa taratibu. Lakini limfoma, saratani ya tezi inayoweza kuvimbisha kongosho vilevile, nayo inanywea kwa dawa hiyohiyo, halafu kinyama cha kupima kikija kukatwa hakionyeshi kitu. Kinyama kwanza. Na IgG4, kipimo cha damu cha kinga ya mwili, kwa watoto mara nyingi huwa kawaida, isiwatoe njiani.

Waanze na ultrasaundi. Wamwambie mpimaji aangalie kichwa cha kongosho na upana wa mrija. Hapo pia ataona mawe, minyoo iliyoingia mrijani, au mrija uliotuna tangu kuzaliwa. Hivyo vyote ni vya kawaida kuliko kongosho. Isipoeleweka, MRI (picha ya sumaku) ya mirija.

*Zuhura:* Jana fizi zilitoa damu akipiga mswaki.

*Shangazi Halima:* Hiyo ni vitamini K imepungua. Bila nyongo utumboni mafuta hayasagiki, na K haiingii mwilini. Waende leo, apimwe damu inavyoganda, achomwe K kabla mtu hajamgusa na sindano ya kinyama. Akipata homa na kutetemeka, mrija umeingia wadudu: hata saa nane usiku, hospitali.

*Zuhura:* Kabla ya ultrasaundi ale?

*Shangazi Halima:* Akae muda wa saa 4 bila chakula. Maziwa pia hapana, yanakamua kifuko cha nyongo kisionekane. Maji sawa.