Tupeane uzoefu: Bwawa na spa ndani ya meli za kitalii

Mwana wa Likoni: Leo nimeiona meli ya kitalii ikiingia Kilindini, abiria wamejaa sitaha ya juu kando ya bwawa, nikaikumbuka safari yetu ya Karibi kutoka Miami. Mliowahi kuzipanda, tuelezeni yaliyowapata. Mimi raha yangu ilikuwa jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto yanayobubujika, usiku, wengi wakiwa ukumbini wakila.

Mama Wawili: Lililonipata mimi halisahauliki. Siku hiyo bahari ilichafuka, na maji ya bwawa yakaanza kwenda na kurudi kwa kuyumba kwa meli, upande huu yakishuka hadi magotini, upande ule yakimwagika sitahani. Mwanangu, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, alizolewa na wimbi, akapigizwa ukutani, kisha akapotea ndani ya povu. Nikaangaza huku na huku nikimtafuta mwokoaji, nisione ila kibao kinachosema kila mtu huogelea kwa dhamana yake. Aliyemtoa ni abiria mwenzetu, aliyejitosa na viatu vyake miguuni. Wahudumu walipokuja kutandaza wavu juu ya bwawa, mtoto alikuwa akitapika maji mapajani mwangu.

Shangazi wa Dallas: Pole sana, mama. Nasi tuliyaona maji yakifanya vivyo hivyo.

Baharia Mstaafu: Pole, binti yangu. Nimefanya kazi melini miaka mingi: wavu hutandazwa, au bwawa huondolewa maji, mara bahari inapoanza kuchafuka, kwa hiyo hao walichelewa. Royal Caribbean ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaweka waokoaji, lakini si kampuni zote zilizofuata. Mzazi na awe majini pamoja na mtoto, asikae kitini.

Kijana wa Doha: Viti vyenyewe vinapatikana wapi? Watu hutandika taulo alfajiri, wakarudi kulala.

Mama Wawili: Ndugu yangu, mwenye watoto asipowahi kiti atawavisha wapi?

Kijana wa Doha: Awahi na akae. Kampuni ya Carnival huondoa vitu vilivyoachwa bila mtu kwa dakika 40, na naona ni haki kabisa.

Muuguzi wa London: Mmelisahau jakuzi. Mwaka 1994 abiria wa meli ya Horizon waliugua homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wa Legionella, na chanzo kilikuwa jakuzi za meli hiyo. Pitisha kidole ukutani chini ya usawa wa maji. Kukiwa na utelezi, usiingie. Mjamzito asiingie kabisa.

Mwana wa Likoni: Na spa je?

Baharia Mstaafu: Nenda siku meli inapotia nanga bandarini, kwani wengi hushuka na bei ya masaji mara nyingi hupunguzwa. Uliza kwanza kama bahashishi imo katika bei hiyo.

Shangazi wa Dallas: Mzee wangu, hapo sikubaliani nawe. Siku ya bandari shukeni mkatembee. Spa ni ya siku ya baharini: nunueni kibali cha kutwa, mjilaze kwenye viti vile vya vigae vyenye joto, muingie chumba cha mvuke, mrudi tena vitini hadi jioni, wala masaji hamtaihitaji.