Nahamia Mombasa na reli yangu ya mfano: niikate meza au niiache?

StesheniVoi (Bremen, Ujerumani)

Ndugu zangu wapenzi wa treni ndogo, salaam. Mkataba wangu wa kazi hapa Bremen unamalizika mwishoni mwa mwaka, na familia imekubaliana kwamba tunarudi Mombasa moja kwa moja. Vyombo vya nyumbani vitasafiri kwa kontena, sisi wenyewe tutatangulia kwa ndege, na kwa miezi ya mwanzo tutakaa katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili huko Tudor hadi nyumba yetu ya Mtwapa itakapokamilika.

Kinachonisumbua ni reli. Katika chumba cha chini ya ardhi nina meza ya mita 2.40 kwa 1.20, iliyojengwa kama kitu kimoja, inayoonyesha stesheni ya Voi ya miaka ya 1960 pamoja na mwanzo wa njia ya kwenda Taveta. Skeli ni 1:87, na kwa kuwa reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, ninatumia njia za milimita 12 ambazo hutengenezwa kwa ajili ya wanaojenga reli za milimani za Uswisi, kwa maana nazo zina upana uleule. Vichwa vya treni ni vichache, lakini kimoja ni Garratt (kichwa cha mvuke chenye injini mbili) ya daraja la 59 niliyoijenga kwa mikono yangu, na hicho sitaki kukikabidhi kwa mpakiaji yeyote.

Meza haipiti mlangoni ikiwa nzima. Je, niikate, niibomoe na kubaki na vifaa tu, au nimwachie mwenzangu wa hapa? Swali la pili ni zito zaidi kwangu: kati ya siku ya kufunga maboksi na siku ya kupata chumba Mtwapa nitakuwa sina pa kuendesha treni, na nimewaona wenzangu kadhaa ambao maboksi yao yalifungwa wakati wa kuhama na hayajafunguliwa hadi leo. Mtu anafanyaje ili hobi isikatike katikati ya safari?

Gorton59 (Manchester, Uingereza)

Ndugu StesheniVoi, ninakuandikia kutoka mji ambamo kiwanda cha Beyer, Peacock kilijenga vichwa vyote 34 vya daraja hilo la 59 katika miaka ya 1955 na 1956, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Ushauri wangu ni kwamba usiihamishe meza; hamisha stesheni. Katika meza ya ukubwa huo, sehemu iliyobeba kazi yako halisi ni ukanda wa stesheni wenye majengo, tangi la maji, majukwaa na njia zinazogawanyika, ilhali kona za kuzungushia treni ni mbao na gundi ambazo fundi seremala wa Mombasa atakutengenezea upya kwa gharama ndogo kuliko nafasi zitakayochukua ndani ya kontena. Chukua ukanda wa upana wa sentimita 60 upande wa stesheni, kisha uugawanye katikati ili upate vipande viwili vya mita 1.20.

Kabla ya kugusa msumeno, chora mstari wa kukatia na uhakikishe haupiti kwenye swichi yoyote ya kubadilishia njia. Chini ya meza, pachika mihimili miwili ya plaiwudi ya milimita 12, mmoja kila upande wa mstari, huku kati yao ukiwa umebana kadibodi nyembamba yenye unene wa wembe wa msumeno wako. Toboa mihimili yote miwili kwa mpigo mmoja, weka bolti mbili za milimita 8 na pini mbili za chuma za kulenga, kisha ndipo uigundishe kwenye meza. Ukifanya hivyo, vipande vitakaporudishwa pamoja vitakaa mahali vilipokuwa, kwa sababu vilifungwa pamoja kabla ya kutenganishwa.

Juu ya meza, kila upande wa mstari, ingiza skrubu ya shaba chini ya kila reli na uilehemu reli kwenye kichwa cha skrubu hiyo. Reli ikikatwa bila kushikiliwa hivyo, mataruma ya plastiki hayawezi kuidhibiti, na hata ikisogea nusu milimita tu behewa litaanguka kila linapopita kwenye kiungo. Baada ya hapo kata reli kwa kisahani chembamba kinachozunguka, bandika utepe wa karatasi juu ya plasta ya mandhari ili isimeguke, na umalizie mbao kwa msumeno wenye meno madogo.

Nyaya zisikatwe kabla ya kuandikwa. Kila waya uwe na alama ileile pande zote mbili za mstari, na badala ya kuziunganisha tena moja moja huko uendako, pitisha zote katika plagi ya pini 25 ambayo utaichomoa na kuichomeka kwa mkono.

Njia zilizo nje ya ukanda huo usizitupe. Kama kokoto zilishikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo huilainisha gundi hiyo, na baada ya muda utaweza kuinua njia kwa kisu cha putti bila kuipinda. Zikaushe vizuri kabla ya kuzifunga. Mwisho, vigeuze vile vipande viwili vitazamane, uvitenganishe kwa mbao pande za mwisho zilizo ndefu kuliko jengo lako refu kuliko yote, na hapo utakuwa umepata sanduku ambalo mandhari yake imo ndani salama.

FundiMakadara (Nairobi, Kenya)

Karibu nyumbani, ndugu yangu. Gorton59 amemaliza suala la mbao, na mimi nitazungumzia hiyo Garratt.

Kichwa cha daraja la 59 kina urefu wa karibu mita 32, kwa hiyo chako hakipungui sentimita 36, na ugumu wake ni kwamba si mwili mmoja. Bila shaka umeijenga kama ilivyo ile halisi, yaani fremu ya boila la mvuke imening'inia kati ya injini mbili, kila injini ikizunguka kwenye egemeo lake. Ikisafirishwa ikiwa imeungana, mtikisiko wote unakusanyika kwenye maegemeo hayo mawili. Itenganishe iwe vipande vitatu, zungushia kila kipande karatasi laini isiyo na asidi, na ukilaze katika nafasi iliyokatwa kwa umbo lake ndani ya boksi gumu. Usiruhusu plastiki yenye mapovu ya hewa iguse rangi moja kwa moja, kwa sababu joto likiipata huacha alama za duara ambazo hazifutiki. Sponji nayo, ikikaa miaka, huoza na kunata kwenye rangi. Fito za magurudumu zifunge kwa uzi laini wa pamba ili zisicheze, na mafuta ya ziada kwenye gia uyafute, kwa kuwa yatatafuta njia ya kutoka ndani ya boksi.

Boksi hilo lipande ndege pamoja nawe, kwenye mzigo wa mkononi. Visu, bisibisi ndefu na misumeno viende kwenye kontena, na rangi za kutengenezea, viyeyushi na gundi zinazoshika moto usivipeleke uwanja wa ndege kabisa. Kama una majengo yaliyochapishwa kwa plastiki ya PLA, yape nafasi katikati ya shehena, mbali na kuta za kontena, kwa maana plastiki hiyo huanza kulainika karibu nyuzi 60 na kontena likianikwa juani bandarini huwa na joto kali ndani.

Kuhusu swali lako la pili, nina maoni tofauti kidogo na yale uliyoyazoea. Unaogopa miezi isiyo na meza, lakini umesahau kwamba unahamia karibu na kitu chenyewe. Umekuwa ukiijenga Voi kwa picha ukiwa Bremen. Sasa stesheni ya zamani iko safari ya nusu siku kutoka Tudor, na hapa Nairobi, katika makumbusho ya reli, wamesimama Garratt wawili wa daraja hilohilo la 59, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, ambao unaweza kuwakaribia ukaona namna mabomba yanavyopita chini ya jukwaa la dereva. Chukua daftari, futi kamba na kamera, omba ruhusa kwa msimamizi kabla ya kupiga picha mahali popote pa reli, na upime. Vipimo vya kimo cha jukwaa, nafasi kati ya nguzo za paa na rangi halisi ya mbao za madirisha ni kazi ya hobi kama ilivyo kuendesha treni, tena ni kazi ambayo hukuweza kuifanya ulikokuwa.

StesheniVoi

Ndugu Gorton59 na FundiMakadara, nawashukuru sana. Nimeamua kubaki na ukanda wa stesheni tu, na mchoro wa mstari wa kukatia nimekwisha kuuweka. Unapita kati ya jukwaa na banda la mizigo bila kugusa swichi. Safari ya Voi nimeipenda, na mke wangu ameipenda zaidi kwa kuwa ana shangazi huko.

Hata hivyo ningependa pia kitu cha kuendesha jioni katika nyumba ya Tudor, hata kama ni kidogo. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa: chumba changu cha hapa ni baridi na kikavu, na ninakokwenda ni pwani. Nini kitatokea kwa reli na mbao?

BintiTanga (Tanga, Tanzania)

Kaka StesheniVoi, mimi niko Tanga, mwanzo wa ile reli ya Usambara ambayo njia yako ya Voi na Taveta iliungana nayo Kahe, na treni zangu zimeishi na upepo wa bahari tangu nilipozinunua.

Cha kuendesha kipo. Tengeneza mpangilio uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright, unaoitwa Inglenook: swichi mbili tu, njia moja ya kutosha mabehewa matano, mbili za mabehewa matatu kila moja, na mkia wa kutosha injini ndogo na mabehewa matatu. Una mabehewa manane, unachagua matano kwa kura, na unatakiwa kuyapanga kwa utaratibu uliotoka. Mipangilio inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo mchezo hauchoshi. Kwa mabehewa mafupi ya takriban sentimita 10, ubao wa sentimita 120 kwa 25 unatosha, nao unakaa juu ya kabati la nguo. Jenga huo ubao huko Bremen kabla ya kufunga chochote, ukiwa na kimo na matundu ya bolti sawa na yale ya vipande vya stesheni, ili ukifika Mtwapa uungane na Voi kama yadi ya mizigo. Njia zile utakazoziinua zitatosha kuujengea. Usiuingize katika kontena. Ufunge kama mzigo wako wa ndege, ili siku ya pili Tudor uwe tayari mezani.

Sasa kuhusu pwani. Reli zenyewe zisikutie hofu, kwa kuwa nyingi za siku hizi ni za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao haushiki kutu bali hufifia. Kitambaa chenye alkoholi ya isopropili kinatosha, na msasa uuepuke kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo inayokusanya uchafu. Kutu utaikuta kwenye ekseli, springi, skrubu na sumaku, ambazo zinahitaji mafuta mepesi kidogo sana. Ndani ya masanduku weka vifuko vya kunyonya unyevu, kwa maana kontena linapopita kutoka baridi kwenda joto hutoa jasho, na matone hudondoka kutoka darini.

Jambo ambalo watu wa Ulaya hawalitazamii ni urefu. Reli iliyolazwa kwenye chumba cha nyuzi 15 na kuhamishiwa kwenye nyuzi 30 itarefuka karibu nusu milimita kwa kila mita 2, na mbao nazo zitavimba kwa unyevu. Viungo vyako vyote vipewe mwanya mdogo kabla ya kuondoka, kwani vikibanana njia itainuka katikati kama upinde. Mbao mpya zozote utakazoongeza ziwe plaiwudi ya marini, nawe usinunue mbao za maranda yaliyoshindiliwa, ambazo huvimba kingo na hazirudi.

Na mchwa, kaka yangu. Katika nyumba ya pwani meza isiguse ukuta, miguu yake iwe ya chuma, na majengo ya kadibodi uyapake vanishi hata chini ambako hakuna anayeona, kwa sababu mende na wadudu wengine hupenda gundi iliyomo. Mimi huinua kila jengo na kutazama chini yake kila mwisho wa mwezi.

FundiMakadara

Nyongeza moja kuhusu umeme, kwa kuwa dada BintiTanga amemaliza mengine yote. Geuza kiendeshi chako usome maandishi ya nyuma. Kama kinapokea volti 100 hadi 240, utahitaji plagi ya pini tatu za mraba tu. Lakini kama una transfoma ya zamani iliyoandikwa 220, usiichomeke Kenya, ambako umeme ni volti 240, kwa kuwa hata upande wa treni volti zitapanda kwa karibu asilimia 9 na dikoda (vifaa vidogo vya kielektroniki ndani ya vichwa vya treni vinavyopokea amri) zinaweza kuungua. Na popote utakapokaa, weka kifaa cha kulinda vyombo kama kile tunachowekea friji, kwa sababu umeme ukikatika, hatari iko pale unaporudi.