R-390A, Racal RA-17 au BC-348: nichukue kipokezi kipi?

Mjukuu wa Morsi
Shikamooni wakubwa. Nimeonyeshwa vipokezi vitatu vya redio vinavyotumia vali (mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista), yaani R-390A, Racal RA-17 na BC-348 iliyokuwa ikifungwa ndani ya ndege za kivita za Marekani, na mwenye navyo anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nina uwezo wa kuchukua kimoja tu. Nichukue kipi?

Mzee wa Vali
Marahaba, lakini hujatueleza lolote la msingi. Utasikiliza masafa gani? Una vifaa gani vya kupimia? Je, BC-348 hiyo bado ina dainamota yake ya volti 28 (mashine inayozunguka na kugeuza umeme wa ndege kuwa wa volti kubwa za vali), au kuna aliyeing'oa akaweka transfoma?

Antena Ndefu
Bila hata kusubiri majibu hayo, mimi nasema RA-17. Mzunguko aliobuni mhandisi Trevor Wadley hufuta kuhama kwa masafa ya oskileta ya kwanza (sehemu inayotengeneza mawimbi ndani ya redio), na huna msitu wa gia wa kusafisha kama ilivyo kwenye R-390A.

Fundi Lehemu
R-390A ni bora, ila niliichoma yangu mwenyewe. Baada ya kuibeba, mzigo wa kilo zinazokaribia 40, subira ilinishinda nikaichomeka palepale. Ilipokea vizuri kwa dakika chache, kisha sauti ikafifia hadi ikatoweka. Kumbe kapasita ya C553, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme wa anodi (ule wa volti kubwa unaoendesha vali) usivifikie vichujio vya kimakanika, vinavyochagua upana wa masafa yanayopita, ilikuwa imeanza kuvuja, na koili ya kichujio, yenye waya mwembamba kama unywele, ikakatika. Nilikuwa nimechagua kichujio cha kilohezi 4, hivyo hicho ndicho kilichokufa. Vile vya 2, 8 na 16 vilisalimika. Kapasita hiyo hubadilishwa kabla ya kuwasha, hata kama redio inaimba.

Mzee wa Vali
Ungepandisha umeme polepole kwa transfoma ya kurekebishika, usingeyaona hayo.

Sikio la Usiku
Mzee, kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Ikiwa R-390A bado inatumia vali zake mbili za 26Z5W kugeuza umeme wa AC kuwa DC, vali hizo hazipitishi kitu cha maana mpaka zipate moto, kwa hiyo umeme wa anodi hauji polepole kama unavyodhani.

Mzee wa Vali
Wengi wamekwisha kuweka daiodi mahali pa vali hizo.

Fundi Lehemu
Si kupandisha umeme polepole wala daiodi vingeniokoa, kwa sababu kapasita ilianza kuvuja baada ya kupata joto.

Mjukuu wa Morsi
Samahani kwa kuchelewa. Nataka kusikiliza morsi kwenye megahezi 7, nina malitimita tu (kipimo cha volti na ukinzani), na dainamota imeng'olewa.

Sikio la Usiku
Basi BC-348 inakutosha. Inafika megahezi 18, vali zake ni chache, na kosa la mwanafunzi ndani yake halina gharama kubwa. Kagua kwanza kazi ya huyo aliyeweka transfoma.

Antena Ndefu
Atajuta kila masafa yatakapohama katikati ya ujumbe.

Fundi Lehemu
Ukichukua R-390A, usikwangue mita zake za awali, kwani zilipakwa radiamu, ambayo ina mnururisho.

Mjukuu wa Morsi
Mwenye navyo ameniruhusu kufungua vifuniko kesho. Nitapiga picha za C553 na za hiyo transfoma.

Mzee wa Vali
Chomoa waya wa umeme kwanza, mjukuu wangu.