Mwalimu wa kemia ogani kanipandisha juu ya dawati na ndala mkononi!!

Ndala_za_Watu:

Wakuu, naandika huku natetemeka, mkiona herufi zimekosewa mnyamaze. Nimetoka tuisheni sasa hivi. Nimetembea peku kutoka Ligula mpaka Chikongola, na lami ya saa saba mchana mnaijua. Simtaji mtu. Mnamjua. Hapa Mtwara Kuchele asiyemjua nani? Yule wa chaki nyuma ya sikio kama seremala. Huyo huyo.

Umeme ulikatika alfajiri. Nikapapasa chini ya kitanda, nikavaa, nikakimbia. Nani anawasha tochi kuvaa ndala? Njiani nikahisi mguu wa kulia unavuta pembeni kama bajaji yenye pancha, nikasema ni usingizi. Kumbe zote mbili za kushoto.

Basi kachora ubaoni molekuli mbili za butani-2-oli, alkoholi hiyo, kaniita mimi niseme kila moja ni R au S, yaani ya mkono wa kulia au wa kushoto. Kaboni yenyewe ya kairali, ile inayoipa molekuli mkono, imeshika vitu vinne tofauti: OH, ethili, methili, haidrojeni. Unavipanga kwa cheo, OH mkubwa wao, haidrojeni mkia. Unafuata kwa macho kutoka wa kwanza hadi wa tatu. Ukizunguka na saa ni R, kinyume cha saa ni S. Nikaona zote mbili zinakwenda kinyume. Nikaandika S. Nikaandika S. Nikarudi kukaa nimetulia kama mtu ambaye korosho zake zimeondoka mnada wa kwanza.

Sasa ile ya pili haidrojeni ilichorwa kwa kabari nene, maana yake imekutolea uso. Ikikutolea uso unageuza jibu, S inakuwa R. NAJUA. Sasa hivi najua! Si angesema tu "geuza", tukaendelea?

Katazama ubao. Katazama miguu yangu. Ubao. Miguu. "S ni sinista," kasema, "Kilatini hicho, kushoto. Huyu kaandika kushoto, kushoto. Na kavaa kushoto, kushoto!"

Nikapandishwa juu ya dawati. DAWATI. Ndala moja huku, moja kule, kama trafiki. Watu sitini, wakuu. Kunguru wa dirishani kacheka. Nasikia ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji huko, waliulizana kuna nini. "Tazameni," kasema, "hizi si kitu na picha yake ya kioo. Ukizipandanisha zinalingana, molekuli ile ile. Enantioma zake, yaani pacha zake za kwenye kioo, ziko miguuni kwa mwendawazimu mwenzake." Na yule binti wa mbele ambaye nampa noti zangu tangu Januari akanyoosha kidole: "Mwalimu, azigeuze tuone nyayo." Nyayo zenyewe zina tundu!

Halafu kazichukua. Ziko mezani kwake, eti zana za kufundishia.

Juu ya dawati, jamani.

Mabibo_Makavu:

Nimemwaga uji. Pole mkuu, lakini ulipokuwa juu ya dawati ulionaje bahari, imejaa au imekupwa?

Bi_Mikindani:

Pole mwanangu. Ila na wewe. Ukijitazama kwenye kioo ukainua mkono wa kushoto, wa ndani anainua wa kulia. Wewe ukawapa wote kushoto.

Mzee_Polarimita:

Kijana, una bahati ya kufundishwa kwa zana. Louis Pasteur mwaka 1848, umri miaka 25, alikaa na kibano akachambua fuwele za chumvi ya tartariki moja moja, za mkono huu huku, za mkono ule kule. Wewe ndala mbili tu zimekushinda.

Ndala_za_Watu:

Pasteur alikuwa na mwanga, mzee wangu! Mimi umeme ulikatika!

Binti_wa_Shangani:

Mleta uzi unadeka. Mimi huyo huyo alinisimamisha kwa karvoni, kemikali ya harufu. R inanukia minti, S inanukia kisibiti, molekuli zimetofautiana mkono tu, eti nieleze pua inajuaje. Nilikuwa na mafua! Nikajibu kwangu zote zinanukia mafuta ya kuchua. Mpaka leo naitwa Kuchua.

Mabibo_Makavu:

Habari za jioni, Kuchua.

Tatu_Si_Nne:

Nyote hamjaonewa. Mimi aliniuliza asidi ya tartariki ina maumbo mangapi ya mikono. Ina kaboni za kairali mbili, kwa hiyo mbili mara mbili, nne. Nikajibu nne. Kasema tatu. Nikahesabu tena kwa vidole, nne. Tatu! Eti mbili kati ya hizo ni kitu kimoja, nusu yake ya juu ni kioo cha nusu ya chini, inaitwa meso. Hela ya tuisheni nimelipa ya nne.

Kidole_Gumba:

Samahani mleta uzi. Ndala zako ni za bluu, namba nane, moja mkanda umeshikwa na pini? Mimi tangu asubuhi nina kulia mbili. Nilidhani mguu umevimba, nimeshanunua na dawa.

Ndala_za_Watu:

MWIZI

Kidole_Gumba:

Mwizi wa nini, na mimi umeme ulikatika!

Mzee_Polarimita:

Sasa mkikutana bweni litakuwa mchanganyiko resemiki. Nusu kwa nusu, mwanga unapita bila kupindishwa upande wowote.

Bi_Mikindani:

Mwanga gani? Gesi inatoka hapo Mnazi Bay, bomba limekwenda hadi Dar, mimi jana nimesonga ugali simu mdomoni ndiyo tochi.

Mabibo_Makavu:

Afadhali wewe, mama, ugali ulikuwa mzima. Mimi nimenunua pweza jana usiku gizani, nimefika nyumbani ana minyiri mitano.

Bi_Mikindani:

Muuzaji ana kofia ya njano?

Mabibo_Makavu:

HUYO HUYO. Nimerudi kumuuliza, anasema mingine ililiwa na samaki.

Ndala_za_Watu:

Jamani, ndala zangu bado ziko kwa yule mtu.

Mzee_Polarimita:

Wangu alikuwa na mitatu.

Mabibo_Makavu:

Kaka wa ndala, subiri kidogo. Mzee, mitatu? Na ukalipa?