Naomba ushauri: habari za India zilizowafikia Wagiriki kupitia Waajemi

Ndugu zangu, ninaandaa somo la historia kwa wanafunzi wa kidato cha tano kuhusu namna Wagiriki wa kale walivyoifahamu India kabla ya Aleksanda Mkuu kufika huko, na ninaomba ushauri wenu juu ya kupima ushahidi uliopo.

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya tano KK, anaeleza kwamba mfalme Dario wa Kwanza wa Uajemi alimtuma Scylax wa Caryanda, baharia kutoka Asia Ndogo, ateremke Mto Indus hadi baharini, kisha aelekee magharibi mpaka Misri, safari iliyochukua miezi 30. Anasema pia kwamba Wahindi walimlipa mfalme kodi ya talanta 360 (talanta ni kipimo cha uzito cha kale) za vumbi la dhahabu kila mwaka. Lakini papo hapo anasimulia, akiwataja Waajemi kuwa ndio wasemaji, habari za chungu wakubwa kuliko mbweha wanaofukua mchanga wenye dhahabu. Baadaye Ctesias wa Cnidus, tabibu wa mfalme Artashasta wa Pili, aliandika kitabu kizima juu ya India kwa kutegemea aliyoyasikia na kuyaona Uajemi.

Wengi humwita Ctesias mwongo, nami naona hukumu hiyo ni nzito mno kwa mtu aliyepokea masimulizi ya barazani kwa mfalme.

Je, nianze na maandishi ya Dario mwenyewe, yanayoitaja India miongoni mwa nchi zake, ndipo niwalete Wagiriki? Na hadithi ya chungu niifundishe vipi ili wanafunzi wasiidharau wala wasiiamini yote?