Tupeane uzoefu: kutembea na kununua vitu Split, Kroatia

#1
Habari zenu wakuu. Mwezi wa tisa mimi na mke wangu tulitoka Ujerumani tunakoishi, tukakaa siku nne Split. Waliofika naomba mtupe yenu, hasa upande wa manunuzi, maana hapo ndipo wageni wengi tunapopigwa.

Mji wa kale wa Split umo ndani ya kasri la Diocletian, kaisari wa Kirumi aliyeachia madaraka mwaka 305 akaja kuishi pale. Karne ya 7 watu wa mji jirani wa Salona walivamiwa, wakakimbilia humo na kujenga nyumba ndani ya kuta. Mpaka leo watu wanaishi. Unapita chini ya tao la Kirumi, ukiinua macho unaona shuka zimeanikwa dirishani. Kwenye uwanja wa Peristil amelala sfinksi, sanamu la simba mwenye kichwa cha mtu, wa jiwe jeusi, aliyeletwa kutoka Misri. Mke wangu alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Huyu ametoka Afrika zamani kuliko sisi sote."

Siku ya kwanza tulinunua vifuko vya lavenda, maua makavu ya kunukia, kwenye duka moja la zawadi. Kesho yake harufu imekwisha. Iliniuma sana. Asubuhi tukaenda Pazar, soko la nje ya ukuta wa mashariki, jirani na Lango la Fedha. Bibi mmoja akasugua maua viganjani mwake, akaninusisha. Vya kwake viko kabatini hadi sasa na vinanukia.

#2
Kaka, hilo Pazar ndilo bazari letu, neno ni moja! Mie mtu wa Mombasa, nafanya kazi melini. Tukifunga gati Split napata saa chache tu, basi nakwenda moja kwa moja soko la samaki. Wallahi hakuna nzi. Jirani pana chemchemi za salfa, wenyeji wasema ndizo zinazowafukuza. Kisha napita Pazar kwa tini kavu. Bei hawapunguzi sana, lakini ukinunua vingi utatiliwa nyongeza. Nenda mapema, mchana meza nyingi ziko tupu.

#3
Mimi nilikwenda 2019, fedha yao ilikuwa bado ile iliyoitwa "kuna". Tangu Januari 1, 2023 wanatumia euro, na siku hiyo hiyo waliingia Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ya Schengen inakufikisha. Jamani, viatu! Mawe ya njiani yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza kama sabuni. Mvua ilinyesha kidogo tu, nikaanguka na chupa yangu ya mafuta ya zeituni, ikapasuka. Mafuta nunueni ya kwenye kopo, na myaweke kwenye begi kubwa, la mkononi watawanyang'anya uwanja wa ndege.

#1
Pole sana ndugu yangu. Sisi tulibeba kopo, likafika salama.

#2
Na mlimfikia Grgur Ninski, yule askofu wa zamani, lile sanamu kubwa la mchongaji Meštrović nje ya Lango la Dhahabu? Watu wanagusa kidole gumba cha mguu wake kuomba bahati. Mwili mzima umefifia, kidole peke yake kinang'aa.

#1
Tulimfikia. Mke wangu alikishika kwa mikono miwili. Alichoomba hajaniambia.